Kilwa: Muziki umepata nafasi ndani ya gari, fyuzi bado inakataliwa

Gari inayotoka Lubumbashi kwenda Kilwa inatembea kilometa karibu 350, na sehemu kubwa ya njia ni udongo. Wakati wa jua ni vumbi, wakati wa mvua ni matope, na gari ikikwama hakuna abiria anayeweza kusema atafika saa ngapi. Safari ya namna hii haifanywi kimya. Ndiyo maana wenye gari wa Kilwa, sawa na wenzao wa Kasenga na Pweto, wakishanunua gari hawachelewi kumtafuta fundi wa muziki. Wengine wanaweka redio mpya ya Kichina yenye tundu la kle USB. Wengine wanaleta kichezeo kidogo cha MP3. Na wengi wanaleta simu ya zamani: kioo kimepasuka, haina tena kadi ya laini, lakini memori yake imejaa nyimbo za Kinshasa, za Lubumbashi na za Zambia ng'ambo ya ziwa. Fundi anakata plastiki ya tablo ya mbele, anaipimia simu kiota chake, anapitisha waya nyuma, na jioni gari inaimba.

Kazi hii inadharauliwa bure. Wako wanaoiita mchezo wa vijana, kana kwamba ni sawa na kubandika picha kwenye kioo cha nyuma. Lakini anayeifanya vizuri anashika umeme, sauti na plastiki kwa wakati mmoja, tena ndani ya gari ambayo vitabu vyake vimeandikwa Kijapani. Shida si kwamba muziki unawekwa. Shida ni kipande kimoja kidogo ambacho wenye gari hawataki kukilipia: fyuzi, ile ambayo wafundi wengi wa Katanga wanaiita kwa Kifaransa fizible.

Kwanza ieleweke kwa nini redio iliyokuja na gari haitoshi. Gari nyingi za Haut-Katanga zilitumika kwanza huko Japani. Zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinavuka Tunduma, zinakata Zambia na kuingia Kongo kwa Kasumbalesa. Zinafika zikiwa na usukani upande wa kulia na redio iliyotengenezwa kwa masafa ya kwao. Japani ilipangia FM yake megahezi 76 hadi 90. Kongo, kama sehemu kubwa ya dunia, inatumia 87.5 hadi 108. Radio Okapi huko Kinshasa iko kwenye 103.5; redio ya Kijapani haiwezi kufika hapo hata mtu azungushe kitufe mpaka kidole kiume. Inagota kwenye 90.

Wajapani hawakufanya hivyo kwa ubaya. Masafa ya 90 hadi 108 kwao yalikuwa ya televisheni, chaneli ya 1 hadi ya 3, na ndiyo maana redio nyingine za zamani zilionyesha chaneli za TV pale ambapo mtu wa Kongo angetegemea kusikia habari. Televisheni ya zamani ilizimwa huko mwaka 2011, na tangu Desemba 2014 vituo vya FM vya Japani vilianza kupanda hadi 95. Gari za kabla ya hapo zilibaki na 90 yao. Mwenye gari anadhani redio imeharibika. Kumbe haijaharibika, imeletwa tu katika nchi isiyo yake.

Hapo ndipo akili ya fundi inapoonekana. Iko njia ya kifaa kidogo kinachokaa kati ya antena na redio, ambacho kinateremsha masafa: kikiwa cha megahezi 20, kituo cha 103.5 kinasikika kwenye 83.5. Iko njia ya kichomeko cha kwenye tundu la kuwashia sigara, ambacho kinachukua nyimbo za simu na kuzirusha kama kituo kidogo cha FM ndani ya gari. Lakini kwa redio ya Kijapani kichomeko hicho kina nafasi nyembamba tu, kati ya 87.5 na 90, na anayekinunua bila kuambiwa anarudi kugombana na muuzaji. Iko njia ya waya wa AUX, kwa redio zilizo na tundu lake. Na iko njia ya mwisho, ambayo sasa ndiyo inapendwa: kung'oa redio ya Kijapani yote na kuweka kitu kingine pale pale.

Kupenda muziki si ugonjwa wa kizazi hiki. Katanga ndiyo nchi ya Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lake likaenda mbali kupitia santuri. Baadaye zikaja kaseti, kisha CD, kisha kadi ya memori ndogo kuliko ukucha. Hata kampuni ya Motorola ilipata jina lake kutokana na redio ya gari ya mwaka 1930: sehemu ya kwanza ya jina ni motokari yenyewe. Kwa hiyo anayemshangaa kijana wa Kilwa aliyechonga nafasi ya simu ndani ya tablo ya Toyota amechelewa karibu miaka mia.

Basi ni wapi kazi inaharibikia? Inaanza kwenye rangi za waya. Redio zinazouzwa dukani zina rangi ambazo wafundi wengi wanazijua kwa kichwa: njano ni umeme wa batri usiokatika, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni masi, yaani waya unaofungwa kwenye chuma cha gari. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za bafle nne. Lakini Toyota ina rangi zake. Ndani ya Toyota, masi ni kahawia, na waya wa kijivu ndio unaoleta umeme wa ufunguo. Fundi anayefunga kijivu na kijivu kwa sababu zinafanana anapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye mdomo wa bafle ya redio mpya. Redio inakufa kabla ya kuimba wimbo wa kwanza, na mteja anaambiwa kwamba vitu vya Kichina havina nguvu.

Fundi mwenye taa ndogo ya kupimia, au mwenye kipima-umeme cha bei ya chini, hafanyi kosa hilo. Anapima kila waya kabla ya kuunganisha. Wengine wanasoma kwa kuunguza, na wanaunguza mali ya watu.

Kuna pia wale wanaosahau kuuliza gari ina volti ngapi. Gari ndogo zina 12. Lakini kamyo nyingi za Kijapani, na hata baadhi ya Land Cruiser za mazuti, zina batri mbili zilizofungwa pamoja na kutoa volti 24. Redio ya volti 12 ikifungwa humo haiombi ruhusa, inatoa moshi. Kamyo ndizo zinazobeba samaki wa Ziwa Moero kwenda Lubumbashi na kurudi na sabuni, unga na sukari, na shofere wake ndiye anayehitaji muziki kuliko wote ili asisinzie. Kwake inatakiwa kifaa cha kupunguza 24 kuwa 12. Kuchukua umeme kwenye batri moja tu kati ya zile mbili, kama wanavyofanya baadhi, ni kuua batri hiyo pole pole, maana moja inachoka na nyingine inajazwa kupita kiasi.

Hata hivyo redio iliyokufa ni hasara ya mtu mmoja. Waya usio na fyuzi ni jambo la abiria wote.

Wengi wanadhani fyuzi imewekwa kulinda redio. Fyuzi inalinda waya. Batri ya gari, ile ile inayozungusha stata asubuhi, inaweza kutoa ampea zaidi ya mia kwa mara moja. Waya mwembamba wa redio haukutengenezwa kwa nguvu hiyo. Sasa waya huo unachukuliwa kwenye batri, unapitishwa kwenye tundu la chuma lenye ncha kali kuingia ndani ya gari, halafu gari inapelekwa kilometa 350 za mashimo. Kila shimo linasugua plastiki ya waya juu ya chuma. Siku plastiki inapokwisha, shaba inagusa bodi ya gari. Kukiwa na fyuzi ya ampea 10 au 15 karibu na batri, inakatika papo hapo na muziki unanyamaza, basi. Bila fyuzi, waya wote unakuwa kama waya wa jiko la umeme, plastiki inayeyuka, na moto unaanzia nyuma ya tablo mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

Ndani ya gari ya kwenda Kilwa, mara nyingi kuna nini kingine? Kuna bido za esansi. Njiani vituo vya mafuta ni vichache, kwa hiyo gari inabeba akiba, na kuna anayebeba ya kwenda kuuza kwa kadhafi wa kijijini. Juu ya bido kuna mizigo, na juu ya mizigo kuna watu. Mama amekaa na mtoto katikati ya magunia, na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Anayetaka kujua uzito wa fyuzi moja afikirie namna gani watu hawa wangeshuka kwa haraka.

Fyuzi ya gari ni rahisi kuliko chupa moja ya Simba. Kwa nini basi haiwekwi? Kuwalaumu wafundi peke yao ni rahisi mno. Mwenye gari anafika na bafle kubwa alizonunua Lubumbashi kwa dola nyingi, anafika na ampli, kisha anabana bei ya kazi mpaka fundi anabaki na faida ya kununua unga tu. Fundi akisema inaomba waya mnene na fyuzi, anaonekana anatafuta kula. Fundi wa jirani yuko tayari kufanya bila hivyo, na muziki wake unalia sawa sawa. Siku ya kwanza hakuna masikio yanayoweza kutofautisha kazi nzuri na kazi mbaya. Tofauti inakuja baada ya miezi, njiani, usiku.

Ampli inastahili neno lake. Ampli inayotoa kweli wati 300 inakula ampea 25 kwenye volti 12, na hiyo ni kabla ya kuhesabu zile inazopoteza kama joto. Waya wa redio hauwezi kubeba mzigo huo, wala fyuzi ya redio. Anayetaka ampli anunue waya wake na fyuzi yake, ama aiache. Na fyuzi ikikatika mara mbili, gari inasema kitu. Kuizungushia karatasi ya pakiti ya sigara au kipande cha waya wa shaba ili iendelee kupitisha umeme ni kuziba mdomo wa mtu anayepiga kelele kwamba nyumba inaungua.

Kwa simu ya kawaida, jambo ni jepesi zaidi. Simu inachajiwa kwa volti 5, na hata ikivuta ampea 2, hizo ni wati 10, yaani chini ya ampea moja kwenye batri ya gari. Hakuna sababu yoyote ya kwenda mpaka kwenye batri kwa ajili yake. Tundu la kuwashia sigara tayari lina fyuzi yake kwenye sanduku la kiwanda, na fundi anaweza kuchukua umeme nyuma ya tundu hilo, akaficha kichajio ndani ya tablo, na kazi ikaonekana safi. Na kwa kuwa kwa kawaida tundu hilo linazimika na ufunguo, mwenye gari anapata faida ya pili: batri haifi. Kifaa kinachovuta nusu ampea usiku na mchana kinamaliza batri ya ampea-saa 45 kwa siku nne hivi, na gari inakataa kuwaka zamani kabla ya hapo. Lubumbashi mtu anaita jirani mwenye waya za kuwashia. Katikati ya Kasomeno na Kilwa anaita nani?

Kuna malalamiko mengine ambayo yanawasumbua wateja, ile sauti ya nzi ndani ya bafle inayopanda kila moteri inapopandisha mwendo. Inatokea simu inapochajiwa na kuimba kwa wakati mmoja, na kichajio na redio zimefungwa masi mbali mbali. Kuzifunga masi zote fasi moja, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, mara nyingi kunatosha. Fundi anayejua hilo hahitaji kumuuzia mtu ampli mpya.

Sauti yenyewe nayo ina hatari yake, hasa kwa gari za usukani wa kulia. Kongo inatembea upande wa kulia wa barabara. Shofere wa gari ya Kijapani amekaa ukingoni, na akitaka kupita kamyo haoni mbele. Macho yake ni abiria wa kushoto au konvwayeri, anayechungulia na kumwambia kama njia ni wazi. Wakaaji wa Katanga wote wanaijua kazi hiyo. Sasa bafle zikipigwa mpaka vioo vinatetemeka, neno la yule anayechungulia linafika nusu, na nusu ya neno mbele ya kamyo ndani ya vumbi haimsaidii mtu. Ongeza simu iliyofungwa upande ambao shofere lazima ainame ili abadilishe wimbo. Fundi mwenye akili anaiweka upande wa konvwayeri. Huyo ndiye achague nyimbo, na mikono ya shofere ibaki kwenye usukani.

Kanuni ya barabara ya Kongo, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliandikwa kabla simu ya mkononi haijajulikana katika nchi hii. Kuidai peke yake imalize tatizo hili ni kuitwisha mzigo usio wake. Na kutuma polisi wakague waya za redio kwenye kila kizuizi kutazaa malipo ya barabarani tu, kila mtu anajua. Wenye uwezo wa kubadilisha mambo wako karibu zaidi. Chama cha mashofere, ACCO, kinaweza kukataa kuipakia abiria gari yenye waya wa batri usio na fyuzi, kama kinavyoweza kukataa gari isiyo na breki. INPP, chuo cha kufundisha kazi kilichoanzishwa mwaka 1964, kina tawi Lubumbashi. Mafunzo ya wiki mbili kwa wafundi wa umeme wa gari wa Kilwa, Kasenga na Pweto, yakifuatwa na karatasi ya kuonyesha mteja, yangempa fundi mwaminifu kitu cha kujibu pale mteja anaposema jirani ni rahisi.

Kuna jambo moja ambalo wafundi na wateja wote wamelisahau. Redio ya Kijapani inapong'olewa na simu kuwekwa pale, antena inabaki bila kazi na mara nyingi inakatwa. Gari inakuwa na nyimbo elfu mbili na haina habari hata moja. Lubumbashi hilo linaweza kuvumiliwa. Lakini kando ya Ziwa Moero kipindupindu kinarudi mara kwa mara, na eneo la afya la Kilwa liko miongoni mwa yanayotajwa kila kinapozuka. Matangazo ya kuchemsha maji, ya chanjo, ya njia iliyokatika, yanapita kwenye redio. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, inatangaza kwa Kiswahili pia, na gari ya abiria inayosikiliza habari inazishusha pamoja na abiria katika kila kijiji inaposimama. Redio ya Kichina yenye kle USB kwa kawaida ina FM ya 87.5 hadi 108 ndani yake. Simu nyingi za zamani nazo zina FM, zikichomekwa waya unaotumika kama antena. Kinachotakiwa ni fundi asikate waya wa antena, auunganishe, na amwonyeshe mwenye gari kitufe.

Kabla ya kulipa, mwenye gari amwombe fundi mambo mawili. Afungue kofia ya moteri na kumwonyesha kwa kidole fyuzi iko wapi. Kisha aitoe, ili wote wawili wasikie kama muziki unanyamaza. Ukiendelea kulia, waya mwingine umepita mahali pengine, na gari isitoke hapo kabla haujapatikana.